Beberu kwa Kila Aliyeomba

Mwishoni mwa miaka ya tisini niliajiriwa na mradi mmoja wa makanisa pale Mutomo. Ukiondoa maneno ya heshima yaliyojaa kwenye barua ya ajira, kazi yangu ilikuwa kuchukua kazi ya mzee mmoja na kuipa kompyuta.

Mzee mwenyewe alikuwa karani wa masjala. Alikuwa ametumikia ofisi za serikali tangu bendera ipandishwe, akastaafu, akachoka kustaafu, akaja kwetu. Barua zilimfikia mezani kutoka pande zote za Kitui na Makueni: watu wakiomba tangi la maji, mbegu, chanjo ya ng'ombe, semina ya kuchimba matuta. Alizisoma zote mwanzo hadi mwisho, hata zile ambazo kurasa mbili za kwanza zilikuwa salamu na habari za misiba.

"Mtu wa kwetu haanzi na shida," aliniambia siku ya kwanza. "Ukiitafuta shida mstari wa juu, utafikiri kila mtu anakuamkia tu."

Akishaipata, aliandika neno moja kwa penseli kwenye kona: Maji. Mbegu. Mifugo. Mafunzo. Halafu alinyanyuka na kuipeleka barua kwenye mlango unaohusika, akibisha hodi hata kama mlango uko wazi.

Meneja alimwona anatembea sana.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita, msichana wa Mbooni niliyesomea kompyuta Nairobi na kujiona nimemaliza elimu yote iliyokuwepo. Nilipewa mashine mbili na waya. Mashine moja niliiweka masjala. Nyingine, ile kubwa, niliiweka kwenye stoo ya mbegu kwa sababu ndiko kulikokuwa na ubaridi kidogo, na hiyo ndiyo ikawa seva. Jenereta iliwashwa saa tatu asubuhi na kuzimwa saa saba mchana. Katika saa hizo nne tulikuwa na mtandao wetu wenyewe, wenye urefu wa mita kama ishirini. Haukufika hata barabarani.

Mambo yalikwenda hivi. Barua ziligeuzwa kuwa fomu. Mzee aliichukua fomu, akaandika kwenye kompyuta jina la mwombaji na anwani fupi yenye mistari ya kuinama katikati, mfano maji/tangi/mbooni, halafu akabonyeza. Ombi lilipita kwenye waya hadi stoo. Huko programu yangu ilikuwa na orodha. Kushoto kwa kila mstari paliandikwa anwani, na kulia jina la kipande cha programu kinachojua la kufanya. Kipande cha tangi kilijua kumtafutia mtu siku ya fundi na kumchapia barua ya tangi. Kipande cha mbegu kilijua mambo ya mbegu. Programu iliishuka orodha kutoka juu, mstari kwa mstari, na mstari wa kwanza uliolingana na anwani ndio uliopokea ombi. Haikuendelea chini kutafuta mwingine ulio bora zaidi.

Nilimweleza mzee haya yote kwa fahari kubwa.

"Kwa hiyo haisomi barua," akasema.

"Haina haja ya kusoma, mzee. Inasoma anwani."

"Yaani inasoma bahasha."

"Tuseme hivyo."

"Niliwahi kuwa na mkubwa wa kazi wa namna hiyo," akasema, akavaa miwani yake.

Miezi miwili ya kwanza mfumo ulikwenda bila tatizo. Aliyeomba tangi alijibiwa kuhusu tangi. Mzee alichukua barua zikitoka kwenye printa, akazipiga muhuri, akaziweka kwenye kikapu cha gari la mradi lililozisambaza kila wiki. Hakutembea tena. Nilimwona akikaa kitini muda mrefu akiutazama mlango wa afisa wa maji, nikafikiri anapumzika.

Mtu mmoja tu hakuridhika, na huyo alikuwa daktari wa mifugo. Alikuwa kijana aliyekulia pwani, mwenye kujivunia Kiswahili chake katikati yetu sisi tunaokichanganya na Kikamba na chochote kingine kilicho karibu. Mradi ulikuwa na mbuzi dume watatu wa mbegu bora, weupe, wakubwa, na kazi yake ilikuwa kuwazungusha vijijini wakapande mbuzi wa wenyeji. Ila hakuna aliyewaomba. Daktari alishuku programu yangu inayapoteza maombi yake njiani.

"Hebu nionyeshe kwa macho yangu," akasema Ijumaa moja, saa saba kasorobo, nami nikiwa nimeshafunga begi kwenda nyumbani kwa likizo ya wiki tatu.

Ili nimwonyeshe haraka, niliweka mstari mpya juu kabisa ya orodha. Kushoto niliweka nyota moja. Kulia niliweka kipande cha beberu. Katika orodha ile nyota ilikuwa na maana ya chochote kile. Nikabonyeza, printa ikalia, barua ya beberu ikatoka safi, kama alivyoitunga yeye mwenyewe kwa Kiswahili chake cha kwao. Daktari akaisoma kwa sauti na kutabasamu. Nikanyoosha mkono niufute ule mstari, na hapo jenereta ikazimwa. Basi la Kitui lilikuwa linapiga honi. Nikasema moyoni, nitaufuta nikirudi.

Jumapili ya pili ya likizo nilikuwa kanisani kwetu Mbooni, nimeketi na mama benchi la tatu. Baada ya matangazo ya ndoa, mchungaji akainua karatasi niliyoitambua kabla hajaifungua. Ilikuwa na nembo ya mradi wetu, na muhuri wa zambarau wa mzee ulionekana hadi nyuma.

"Wapendwa," akasema mchungaji, "mnakumbuka tuliomba tangi la kuvuna maji ya paa. Bwana amejibu, ila amejibu kwa njia yake."

Akasoma. "Ombi lenu limekubaliwa. Beberu atawasili kwenu Jumatano, naye atakaa siku ishirini na moja. Beberu wetu ni mweupe na mkubwa, lakini ni mpole. Tafadhali mwandalieni malazi makavu, maji safi, na majani mabichi asubuhi na jioni. Asikutanishwe na beberu mwingine, maana watapigana."

Yafaa nieleze kwamba kwetu mbuzi dume tunamwita nthenge, na ndivyo anavyoitwa hata mtu akiwa anazungumza Kiswahili. Neno beberu tulilijua, lakini tulilijua kutoka redioni na kwenye somo la historia. Beberu ni yule mzungu aliyekuja kutawala.

Mzee mmoja wa kanisa, mwalimu wa historia aliyestaafu, akasimama taratibu. "Mchungaji, naomba usome tena hapo pa mwisho."

"Asikutanishwe na beberu mwingine, maana watapigana."

"Ni kweli kabisa," akasema mwalimu. "Vita vyote viwili vya dunia vilianza hivyo." Akakaa.

Mjadala ukaanza. Mmoja akasema huyo atakuwa mfadhili anayekuja kukagua paa kabla ya kutoa tangi, na neno beberu limeandikwa na mtu wa ofisi anayemchukia. Mwingine akauliza mbona hapewi nyama. Mama mmoja wa kwaya, ambaye binti yake alifanya kazi kwa wazungu Nairobi, akajibu kwamba wako wazungu wasioonja nyama maisha yao yote. Wanakula majani tu, tena mabichi, na wana afya. Hilo likaonekana limemaliza swali. Kamati ya mapokezi ikaundwa palepale, watu saba, na mama yangu akawa mwekahazina wa chakula.

Nilibaki nimeinama kama mtu anayeomba.

Tulipotoka nje nilimvuta mama kando. "Mama, yule ni mbuzi."

"Nani ni mbuzi?"

"Beberu. Ni nthenge. Wamemwandikia kila mtu, na kosa ni langu. Nilisahau nyota kwenye kompyuta."

Mama akatazama nyuma kuona nani amesikia. "Kitanda kimetolewa na mwalimu mkuu wa hapa," akasema. "Shuka nimetoa mimi, zile za harusi ya dada yako. Sasa unataka nisimame niwaambie ni za mbuzi?"

"Nitasema mimi."

"Utasema Jumatano," akasema. "Watu wakishakula."

Sikuweza kungoja. Jumatatu nilimwendea mchungaji shambani kwake, nikamkuta anapalilia maharagwe, nikamweleza yote: orodha, mstari wa juu, nyota. Alisikiliza akiwa ameegemea jembe lake.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Lakini barua ina muhuri."

"Muhuri unapigwa na mzee mmoja pale masjala, mchungaji. Anapiga kila kinachotoka."

Akatikisa kichwa. "Mwanangu, hawa watu wameomba tangi mwaka mzima. Jana ni mara ya kwanza nimewaona wametoka kanisani wakitembea haraka. Siwezi kuwaambia kwamba barua yenye muhuri si kweli kwa sababu ya nyota. Labda hata wewe umekosea." Akaendelea kupalilia. Nami nilipokuwa nikipanda kile kilima kurudi nyumbani, nilianza kutumaini kwamba nimekosea.

Jumatano gari la mradi lilipanda Mbooni likinguruma kwa gia ya kwanza, na kwaya ikaanza kuimba kabla halijatokea kwenye kona. Walikuwa wamevaa sare. Kulikuwa na meza yenye kitambaa, maua kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, na sahani kubwa ya kabichi mbichi iliyokatwa vizuri, yenye nyanya juu. Daktari wa mifugo alishuka mbele. Hakuwa amewahi kupokelewa hivyo mahali popote, mwenyewe aliniambia baadaye, na machozi yalimlengalenga. Alidhani nyimbo ni zake. Akapeana mikono na kamati yote, akazunguka nyuma ya gari, akafungua kibao cha nyuma.

Beberu akasimama pale juu, mweupe, ndevu zinapepea, akatutazama.

Kwaya walikuwa katikati ya ubeti wa pili, na wimbo ule hauna mahali pa kukatia. Wakauimba hadi mwisho. Sauti ya tatu ilianza kucheka ikitetemeka, lakini hawakuacha. Beberu akashuka, akaenda moja kwa moja mezani, akala maua kwanza.

Mchungaji alikuwa ameshika hotuba aliyoiandika. Niliona macho yake yakinitafuta kati ya watu, yakanipata, yakakaa kidogo. Halafu akafungua karatasi na kuisoma yote. "Mgeni wetu mheshimiwa, umetoka mbali, umepita vumbi na mabonde. Sisi ni watu wa hali ya chini, lakini tulicho nacho ni chako." Hakuruka neno. Alipomaliza akamkaribisha mwalimu wa historia, aliyekuwa ameandaa maswali matatu kuhusu ardhi. Mwalimu akasimama, akamtazama mgeni akitafuna kabichi, akaikunja karatasi yake mara nne.

"Maswali yangu yatangoja," akasema.

Hapo ndipo bibi mmoja kizee akacheka, cheko la tumboni, na baada yake kanisa zima likaangua kicheko. Watu walishikana mabega. Daktari pia alicheka, ingawa hakujua kwa nini. Chakula kililiwa chote. Beberu akapewa chumba cha kuwekea viti, kwa kuwa barua ilisema malazi makavu na hakuna aliyetaka kuonekana hakufuata barua. Mama alienda kuchukua shuka zake mapema, kabla mtu hajatania.

Siku iliyofuata nilikata likizo na kurudi Mutomo.

Nilimkuta mzee masjala, muhuri mkononi. Kikapuni kulikuwa na barua, na zote zilikuwa za beberu. Nilimuuliza zimetoka ngapi akasema zaidi ya arobaini. Kanisa la Mbooni. Mjane wa Kalamba aliyeomba mbegu za ndengu. Shule moja ya wasichana iliyoomba semina ya upandaji miti. Chifu aliyeomba mabomba. Kikundi cha akina mama walioomba cherehani.

"Mzee, hukuona?"

"Niliona."

"Toka lini?"

"Toka Jumatatu ya kwanza, barua ya kwanza."

"Na ukapiga muhuri?"

"Nilidhani ni sera," akasema. "Nimefanya kazi ofisini miaka thelathini na tatu. Kuna mwaka tuliamriwa tuwajibu watu wote wapande mkonge. Sera ikija haibishi hodi."

Nilikasirika, nikamwambia alipaswa kunitumia habari. Akauweka muhuri chini, akauelekeza vizuri ukae sawa na ukingo wa meza.

"Ulipokuja hapa," akasema polepole, "hukuniuliza nafanyaje kazi yangu. Uliniuliza natembea mara ngapi kwa siku. Ukaandika. Nikasema moyoni, basi huyu anajua. Kama mashine imesema beberu, mimi ni nani niseme tangi?"

Niliingia stoo, nikaketi juu ya gunia la mtama mbele ya seva, nikaufuta ule mstari. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Nilikaa pale hadi jenereta ilipozimwa.

Nilidhani nitafukuzwa, nikaenda mwenyewe kwa meneja kukiri. Nilimkuta anaandika kwa furaha. Alikuwa anawaandikia wafadhili kwamba kwa miaka miwili hakuna aliyetaka mabeberu, na sasa wilaya mbili nzima zinawapokea kwa nyimbo. Daktari alikuwa ameleta hadi picha. Nikamweleza habari ya nyota. Akasikiliza bila kuacha kalamu.

"Umeshaiondoa?"

"Nimeiondoa leo."

"Mbona haraka hivyo?" akauliza.

Nilipomkumbusha kwamba watu waliomba maji na mbegu, aliona haya, maana hakuwa mtu mbaya. Aliamua kwamba tusiandike barua ya pili ya kukanusha ya kwanza. Mradi ungeonekana hauna akili. Badala yake mimi na mzee tupande gari la mradi tuwapitie watu mmoja mmoja tuwaulize walitaka nini hasa. "Na msiseme ni kosa," akasema. "Semeni ni ufuatiliaji."

Gari lilikuwa na kazi ya mabeberu kwa mwezi mzima. Lilipopatikana, tulikuwa barabarani siku tisa. Tuliteremka Ikutha, tukavuka mto Athi, tukatokea Kibwezi, tukaambaa na barabara ya Mombasa hadi Emali, ndipo tukaingia upande wa Kalamba. Mzee alikaa mbele na dereva, mimi nyuma na turubai. Nilikuwa nimechapa orodha ya majina. Yeye hakubeba karatasi. Tukifika kwa mtu, nami nikipekua kurasa zangu, yeye alikuwa tayari anamuuliza mwenye nyumba kama yule mtoto wake alipona miguu, maana ilikuwa kwenye barua, ukurasa wa pili, kati ya salamu na shida.

Kwenye ile shule ya wasichana, mwalimu mkuu, mama mrefu mwenye sauti ya gwaride, alitupa hati aliyoiandaa bila kuombwa. Ilisema beberu alipokelewa akiwa na hali nzuri, alihudhuria siku zote ishirini na moja, na aliondoka bila kesi ya nidhamu. "Ila sikuelewa kwa nini apelekwe shule ya wasichana," akasema, akitutazama kwa macho makali. "Nilidhani ni mtihani wa wizara." Mzee alimjibu kwamba hata yeye alidhani hivyo.

Lakini ninayemkumbuka zaidi ni mjane wa Kalamba. Aliishi peke yake kwenye shamba dogo lenye mawe, na hakuwa na mbuzi hata mmoja. Tulimkuta anapepeta, akatuwekea viti, akatuletea muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwenye sahani za bati. Nikaanza ile hotuba yangu ya ufuatiliaji, kwamba huenda hakuhitaji beberu, kwamba huenda alihitaji ndengu.

"Ndengu ninazo," akasema.

"Ulizipata wapi, mama?"

"Si ni huyo nthenge wenu!" Akacheka. Alieleza kwamba alipoletewa mnyama hakuwa na la kumfanyia, akamfunga pale chini ya mgunga, akamlisha. Siku ya pili jirani ambaye walikuwa hawasalimiani tangu ugomvi wa mpaka akaja na mbuzi wake wawili, akasimama mbali, akauliza kama inawezekana. Inawezekana, alimwambia. Baada ya huyo wakaja wote, hadi watu wa ng'ambo ya mto. Mwenye ndengu alikuja na ndengu. Mwenye ng'ombe alimlimia. Mwingine alimtengenezea paa. "Wiki tatu nyumba yangu haikukosa watu wa kuongea nao. Tangu nimzike mume wangu, sikuwa nimepika chungu kikubwa."

Akamgeukia mzee, si mimi. "Nani alijua?" akauliza. "Mimi niliandika mbegu kwa sababu niliona haya kuandika nakaa peke yangu."

Nilimtazama mzee, nikingoja aseme ni sera. Alikula muthokoi wake wote, akaomba maji ya kunawa, na tuliporudi garini akamwambia dereva aendeshe polepole.

Mbooni walitukataza tusimrudishe beberu. Muda wake ulikuwa umekwisha, lakini kamati ilikaa na kuamua kwamba kanisa halirudishi zawadi, na hata mwalimu wa historia alipiga kura abaki. Daktari akalazimika kupanga upya ratiba yake yote na mabeberu wawili. Tangi lao walilipata mwaka uliofuata. Mama yangu hajapata kunisamehe kuhusu zile shuka, ingawa hazikuguswa; anasema jambo lenyewe ni nia.

Niliporudi stoo niliiandika upya orodha yangu. Nilimwomba mzee aje akae nami, nikamuuliza anafanyaje kazi yake, akanieleza kwa siku nne, na nikaandika mpaka daftari likajaa. Mengi hayakuingia kwenye programu. Hakuna anwani ya mtu anayeona haya. Kwa hiyo chini kabisa ya orodha, baada ya mistari mingine yote, niliweka tena nyota: ombi lolote lisilolingana na chochote kule juu lisichapiwe barua, lipelekwe kwa karani asome. Nikamtaka atufungulie tena mlango wa barua za kawaida, kwa wale wasiopenda fomu. Akarudi kutembea. Meneja alimwona, akanyamaza.

Barua ya kwanza kukosa anwani na kushuka hadi mstari ule wa chini ilitoka kwa mwanamume mmoja wa kusini mwa Mutomo, mahali pakavu kweli. Ilikuwa na salamu, habari za ndugu watatu, maoni yake kuhusu bei ya ng'ombe, halafu ikaeleza kwamba amechimba kisima mwenyewe nyuma ya nyumba, maji yake ni matamu, hayajapungua, na hana shida yoyote. Hapo ikaisha. Tuliigeuza nyuma, hapakuwa na kitu.

"Anataka nini?" nikauliza.

Mzee aliisoma mara ya pili, na ya tatu. Alikaa nayo siku mbili mezani, chini ya kikombe chake. Siku ya tatu akavaa koti, akaomba gari, akaenda huko mwenyewe, akarudi jioni akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi.

"Nimeyanywa," akasema. "Ni matamu."

Kisha akaketi, akachukua karatasi yenye nembo, akaandika jibu kwa mkono. Lilikuwa la maneno machache, nililisoma akiwa analipiga muhuri: Barua yako imefika, na habari ya kisima tumeipata. Tumefurahi sana.